Kutolewa tezi ya thairoidi inayovimba kila mara: mwongozo kamili kwa mgonjwa wa Lamu

Tangu nitolewe tezi ya shingo, simu yangu haipumziki. Watu wa hapa Amu, wa Pate, wa Faza, wananiuliza maswali yale yale na wanakwama pale pale. Mmoja alifika Mombasa akarudishwa bila kupasuliwa kwa sababu tezi yake ilikuwa bado inawaka, yaani imevimba na ugonjwa haujatulia. Mwingine alipasuliwa vizuri, akapanda basi siku ya pili, na alipofika Garsen mikono ikamkakamaa. Wa tatu ni khala yangu mwenyewe, dada wa mama. Alimeza vidonge miezi sita bila kuruka hata siku moja na majibu ya damu yake hayakubadilika. Sababu nilikuja kuiona mezani kwake asubuhi moja, nitaieleza mbele.

Mimi si daktari. Nasomesha shule ya msingi, na tezi yangu iliwaka mara tatu katika miaka miwili kabla ya kutolewa. Daktari wako akisema tofauti na mimi, fuata lake.

Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Faili la plastiki lenye zipu. Ndani yake weka barua ya rufaa na majibu yote ya vipimo, hata yale ya miaka iliyopita. Zipu ni kwa ajili ya boti ya Mokowe. Maji ya chumvi yakipiga, karatasi haisomeki tena.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na vipimo vyake. Andika na za mitishamba, usione haya.
- Kitambulisho na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Hali yako unaiangalia kwa *147#. Asiye na mwajiri hulipa mchango wa mwaka mzima, kwa hiyo usingojee wiki ya safari.
- Mtu wa kufuatana nawe, anayejua ugonjwa wako na anayeweza kusema badala yako. Sauti inaweza kupotea kwa siku kadhaa.
- Mahali pa kulala Mombasa kwa usiku saba, karibu na hospitali. Hili ndilo watu hulipuuza kuliko yote.
- Blauzi mbili za vifungo mbele. Dera huingilia kichwani, na shingo yenye mshono haitaki kuvutwa.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Jua ni uvimbe wa aina gani

Thairoidi iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, imetanda juu ya koo la hewa kama kipepeo. Ikivimba, wengi husema "rovu" wakanyamaza. Lakini tezi inayowaka ina uvimbe wa namna tatu hasa unaowapeleka watu kwa daktari wa upasuaji, na kila mmoja una kisu chake.

Wa kwanza ni ule unaouma, uitwao wa de Quervain. Mara nyingi hufuata mafua au homa ya virusi. Shingo haiguswi, maumivu hupanda mpaka kwenye taya na sikio, na kipimo cha ESR, cha damu kinachoonyesha moto wa ndani ya mwili, huwa juu sana. Wengi hupona ndani ya miezi michache. Wachache hurudiwa, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Wa pili ni wa Hashimoto. Hapa kinga ya mwili inaishambulia tezi yenyewe. Aghalabu hauumi, unachosha, unanenepesha, unakausha ngozi. Kipimo cha damu kiitwacho anti-TPO ndicho kinachoufichua.

Wa tatu ni wa usaha, unaoletwa na bakteria. Ukiona mtoto ana jipu la shingo, hasa upande wa kushoto, linapona na kurudi, mwambie daktari atafute njia ndogo ambayo mtoto alizaliwa nayo, itokayo kooni hadi kwenye tezi. Hapo kinachotakiwa kuondolewa au kuzibwa ni hiyo njia. Tezi ikikatwa na njia ikaachwa, jipu litarudi.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuutaja ugonjwa wako kwa jina, na jina hilo limeandikwa kwenye barua yako ya rufaa. "Neck swelling" peke yake haitoshi. Mrudishie aliyeiandika aijaze.

Hatua ya 2: Hakikisha upasuaji ndio jibu

Uvimbe mwingi wa thairoidi hautaki kisu. Maumivu hutulizwa kwa dawa kama ibuprofeni, yakizidi kwa prednisoloni, na upungufu wa homoni hujazwa kwa kidonge. Upasuaji huja pale ugonjwa unaporudi kila dawa ikipunguzwa, au tezi inapobana koo hadi kumeza na kupumua kunakuwa kazi, au picha inapoonyesha kitu kinachoshukiwa kuwa saratani.

Kwa Hashimoto isiyobana koo, madaktari wengi husita. Mwaka 2019 kulichapishwa utafiti wa Norway wa wagonjwa 150 ambao homoni zao zilikuwa sawa kwa vidonge lakini bado walikuwa hoi kwa uchovu. Baada ya miezi 18, waliotolewa tezi nzima walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliobaki na vidonge tu. Ila kiasi cha 14 katika kila 100 ya waliopasuliwa walipata matatizo. Mwenye uchovu kidogo asikimbilie huko.

Uliza pia kama inatolewa nusu au nzima. Ikibaki nusu iliyo nzima, watu wengi huendelea bila kidonge. Ikitoka yote, kidonge ni cha maisha. Hashimoto hutolewa yote, kwa kuwa kipande kinachobaki kinga itaendelea kukishambulia.

Hatua ya 3: Itulize tezi kwanza

Tezi inayowaka hugandamana na vitu vilivyo jirani nayo na hutoa damu ovyo, na mishipa ya fahamu inayoendesha sauti hupita pale pale nyuma yake. Daktari mzuri atakuambia ungoje. Usimwone mwoga.

Onyo la kwanza ni prednisoloni. Ukiitumia kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi za juu ya figo husinzia kwa sababu homoni inayotengenezwa na tezi hizo mwili unaipata kutoka nje. Ukiikata ghafla kisha ukaingia chumba cha upasuaji, presha inaweza kuporomoka ukiwa umelazwa usingizi. Kuna jirani yangu aliyeiacha siku mbili kabla ya safari, akisema "anasafisha damu". Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari, na daktari wa dawa ya usingizi lazima ajue umeitumia kwa muda gani.

Onyo la pili ni homoni zilizopanda. Tezi ikiwaka huvujisha homoni ilizoweka akiba. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho halikauki. Kupasuliwa katika hali hiyo ni hatari kwa moyo. Propranololi hutuliza mapigo huku mkingoja. Homoni zikiwa zimeshuka mno nazo hurekebishwa kwanza.

La tatu ni la nyumbani: usikandwe shingo, usichanjwe, usichomwe, na usinywe matone ya ayodini uliyouziwa kwa jina la dawa ya rovu. Kwa mwenye Hashimoto, ayodini ya ziada huongeza moto.

Umefaulu pale ukibonyeza shingo haikuumi, mapigo yametulia, na TSH na T4, vipimo vya damu vya homoni ya thairoidi, ziko mahali daktari alipotaka.

Hatua ya 4: Vipimo, na maswali ya kumuuliza daktari

Hospitali ya King Fahd hapa Lamu ndipo rufaa za wengi wetu huanzia. Ukiweza, fika Mombasa na TSH, T4, hesabu ya damu, kundi la damu na kalsiamu mkononi. Ultrasaundi ya shingo lazima iwepo, na uvimbe ukiwa na kinundu chenye shaka utachomwa sindano nyembamba kutoa chembe za kupimwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho nakusihi ukidai: kamera ndogo ya kutazama nyuzi za sauti kabla ya upasuaji. Uzi mmoja ukiwa umeshalala kabla, yaani hautikisiki, daktari atakuwa mwangalifu mara mbili upande wa pili, maana nyuzi zote mbili zikilala hata kupumua kunazuilika. Mimi riziki yangu ni sauti, sikulegeza.

Kisha uliza, kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Daktari, kwa mwaka unatoa tezi ngapi?" Utafiti umeonyesha kuwa anayefanya zaidi ya 25 kwa mwaka hupata matatizo machache. Daktari anayejiamini hatakasirika. Wangu alicheka, akanihesabia za mwezi ule.

Hatua ya 5: Wiki ya mwisho na safari

Kabla ya kuondoka hakikisha hospitali imeshaomba idhini ya SHA na imejibiwa. Uliza asipirini na dawa nyingine zinazoyeyusha damu unaziacha lini. Usiamue peke yako.

Kina mama, hili halitajwi na mtu: msiende na hina wala piko kwenye kucha. Kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni husoma kwa mwanga unaopita kwenye ncha ya kidole, na piko nyeusi huuzuia. Kama kuna harusi na huna budi, acha vidole viwili vyeupe.

Safari yenyewe ni boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi. Ni siku nzima na vizuizi vya barabarani viko. Fika walau siku mbili kabla ya tarehe yako. Aliye Malindi ana nafuu. Mombasa kwake ni safari ya asubuhi moja.

Hatua ya 6: Siku ya upasuaji

Chakula, mwisho ni muda wa saa sita kabla ya kupasuliwa. Maji matupu, mwisho ni muda wa saa mbili kabla, isipokuwa umeambiwa vingine. Utalazwa usingizi kamili, utapasuliwa kwenye mkunjo wa ngozi chini ya shingo, na kazi huchukua kama saa mbili au tatu. Ukiamka koo litawasha kwa sababu ya bomba la hewa lililokuwamo. Huenda ukakuta kibomba kidogo cha kutoa damu ubavuni mwa shingo.

Wewe huna la kufanya siku hiyo. Anayefuatana nawe ndiye mwenye kazi: ahakikishe tezi iliyotolewa imepelekwa maabara, na apewe namba ya kuchukulia majibu.

Hatua ya 7: Saa 24, kisha siku saba

Saa 24 za kwanza adui ni damu. Ikivuja ndani hukusanyika na kubana koo la hewa. Shingo ikijaa ghafla, ikikaza kama ngoma, au ukisikia pumzi inapita kwa shida, usisubiri zamu ya daktari. Ita muuguzi hapo hapo, na kama huwezi kuita, gonga kitanda. Lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu.

Kuanzia siku ya pili hadi ya nne adui hubadilika, na huyu ndiye aliyemkuta yule mwenzetu Garsen. Nyuma ya thairoidi kuna tezi nne ndogo, kila moja kiasi cha punje ya mchele, zinazolinda kalsiamu ya damu. Tezi kubwa ikitolewa, hizi hushtuka. Nyingine huamka baada ya siku, nyingine baada ya wiki, na kwa wachache haziamki.

Mimi ilinijia siku ya tatu, nimekaa kitandani nachana nywele. Mdomo wa juu ulianza kuwasha kama nimekula pilipili. Nikaupangusa. Baadaye ncha za vidole, kama mtu aliyelalia mkono. Nilidhani ni uchovu, nikaendelea kuchana. Dada yangu ndiye aliyesema, "Si hii ndiyo waliyotwambia?" Tukarudi hospitali, kalsiamu ikapimwa, vidonge vikaongezwa, jioni midomo ikanyamaza.

Kuwasha midomo na vidole maana yake ni kupiga simu na kumeza kalsiamu uliyoandikiwa. Mikono ikikakamaa, vidole vikijikunja, au misuli ikishikana, hiyo ni dharura: kalsiamu ya mshipani inahitajika. Sasa fikiria hilo likukute katikati ya mkondo baina ya Mokowe na Amu, usiku. Ndiyo sababu ya zile usiku saba.

Sauti ya kukwaruza ni kawaida kwa siku au wiki kadhaa, tumia daftari. Sauti kupotea moja kwa moja hutokea kwa kama mtu mmoja katika mia. Ikiwa inakwaruza baada ya mwezi, au unapaliwa na maji kila unapokunywa, rudi ukatazamwe nyuzi.

Kula laini: uji, ndizi mbivu, wali wa maji, samaki wa mchuzi asiye na miiba. Usibebe dumu la lita 20 kwa wiki tatu. Mtandio uwe mwepesi, na pini isikae juu ya mshono. Homa, wekundu unaoenea au usaha, onyesha siku hiyo hiyo.

Hatua ya 8: Kidonge, mahali wengi wanapoangukia

Aliyetolewa tezi nzima humeza levothairoksini, homoni ya thairoidi ya kidonge, kila siku. Kiasi cha mtu mzima ni kama mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 hukaribia mikrogramu 100. Wazee na wenye moyo mgonjwa huanzishwa chini.

Sasa khala yangu. TSH yake ilikuwa juu mara tatu mfululizo, ishara kwamba homoni haimtoshi, daktari akawa karibu kuongeza dozi tena. Nikalala kwake. Asubuhi nikamwona anatoa kidonge cha thairoidi, anatoa cha kalsiamu, anatoa na kile chekundu cha kuongeza damu. Akavitia vyote kinywani na kuvisukuma kwa chai ya maziwa, mahamri mkononi. Nilipomwambia akaniangalia: "Sasa nikae na ndaa mpaka lini?"

Dakika 45 tu, khala.

Levothairoksini hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu. Kalsiamu na madini ya chuma huikamata tumboni, nayo hutoka bila kuingia kwenye damu. Kahawa pia huipunguza. Ratiba iliyomponya ni hii:

1. Alfajiri, kabla au baada ya sala: kidonge cha thairoidi kwa maji matupu, glasi nzima.
2. Baada ya dakika 30 hadi 60: kifungua kinywa, chai, kahawa.
3. Angalau saa nne baada ya kidonge: kalsiamu, dawa ya kuongeza damu, dawa ya kiungulia. Khala humeza kalsiamu na chakula cha mchana, kisha cha usiku.

Baada ya wiki saba TSH yake ilishuka ikaingia mahali pake, na dozi ile ile.

Ukisahau na kukumbuka siku hiyo hiyo, ngoja tumbo liwe tupu umeze. Ukikumbuka kesho yake, endelea kama kawaida. Dawa hii hukaa mwilini. Nusu yake bado iko baada ya wiki nzima. Hilo lina ubaya wake: ukiiacha, wiki ya kwanza utajiona mzima na kusema umepona. Kuanguka huja baadaye.

Joto na unyevu huiharibu. Isikae dirishani, jikoni, wala kwenye mkoba unaokaa juani, na isitolewe kwenye karatasi yake hadi wakati wa kumeza. Mwenye nyumba ya mawe ana bahati: kidaka cha chumba cha ndani hakifikiwi na jua.

Ukishika mimba, nenda ukapimwe mara tu ujuapo, kwa sababu mahitaji hupanda mapema.

Hatua ya 9: Ramadhani

Kosa la kila mwaka ni kula daku kisha kumeza kidonge dakika ya mwisho kabla ya adhana. Hapo umekimeza juu ya wali.

Amka dakika 45 kabla ya daku, meza kwa maji, kaa kidogo, ndipo ule. Njia ya pili ni kumeza wakati wa kulala, ukishapita muda wa saa tatu baada ya chakula cha mwisho. Lakini tujuane, hapa kwetu baada ya tarawehe ndipo vitumbua vinapoanza kupita, kwa hiyo mimi nachagua ya kwanza. Ukifuata hiyo ya kwanza, kalsiamu imeze wakati wa futari na ya pili saa nne usiku. Kama mikono bado inakakamaa, zungumza na daktari kabla hujatia nia ya kufunga.

Hatua ya 10: Kurudi kuchukua majibu

Majibu ya tezi iliyopimwa maabara hutoka baada ya wiki mbili hivi, na nashangaa ni wangapi hawayafuati. Mshono umepona, nani arudi Mombasa? Lakini wakati mwingine ndani ya tezi iliyovimba hukutwa saratani ndogo ambayo hakuna picha iliyoiona. Kama huwezi kusafiri, mwombe daktari akutumie kwa simu na nakala ipelekwe Lamu.

TSH ipimwe wiki sita hadi nane baada ya kuanza kidonge, na tena wiki sita hadi nane kila dozi inapobadilishwa. Kabla ya hapo haisemi kweli. Ikishatulia, mara moja kwa mwaka inatosha. Unayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, viache siku mbili kabla ya kutolewa damu, maana huchanganya mashine ikatoa hesabu ya uongo.

Na weka pakiti ya mwezi mmoja ya akiba. Kusi likichafuka au barabara ikifungwa, duka la dawa la Amu laweza kuishiwa na mikrogramu yako. Likiwa na za 50 na wewe ni wa 100, meza mbili. Nilifanya hivyo wiki mbili za Julai, na TSH haikutikisika.